Gari la spoti la bei nafuu Arusha na Moshi: lipi ununue, lipi lisikufie mkononi

Gari la spoti la bei ya chini halikuletei faida. Jema unaloweza kulitarajia ni kwamba halitakupotezea sana. Anayeuza kwa hasara ndogo na anayeuza kwa hasara ya kulia machozi mara nyingi walinunua gari la aina ileile. Kinachowatofautisha ni kama mtu wa tatu, yule utakayemuuzia wewe, anaweza kupata fundi na spea hapa mjini, na kama gari bado liko kama lilivyotoka kiwandani.

Kodi ndiyo inayoshikilia bei isianguke. Gari dogo lenye zaidi ya miaka 10 tangu litengenezwe hutozwa ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5% kwa injini ya cc 1001 hadi 2000 (10% ikizidi hapo), nyongeza ya uchakavu 30%, kisha VAT 18% juu ya jumla. Piga hesabu: gari la cc 2000 ambalo TRA imelithamini milioni 6 likifika bandarini linaongezewa karibu milioni 6 nyingine, kabla ya tozo ndogondogo na usajili. Na thamani hiyo ni ile iliyo kwenye mfumo wa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hata kama risiti yako ya Japan inasema vingine. Kwa hiyo Altezza ya 2001 iliyolipiwa kodi zamani ina sakafu ya bei: anayetaka kuagiza nyingine ataanza maumivu upya. Nunua la mkononi, lililo tayari nchini.

Jambo la pili ni mwinuko. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban 3% ya nguvu kwa kila mita 300. Farasi 200 za kwenye karatasi, hapa ni kama 170. Moshi, kwenye mita 800 na ushee, kuna afadhali. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, na hilo limeathiri mpangilio wetu wa magari matano hapa chini.

1. Subaru Forester ya turbo (SG5, 2002–2007)

Wapo watakaonuna kwamba hili ni gari la familia. Wanune tu. Chini ya boneti kuna EJ20 ya turbo yenye farasi 220, linavuta magurudumu yote, na tope la Machame mwezi wa nne halilisumbui. Siku ya kuuza una wateja wa aina mbili, kijana anayetaka mbio na mzazi anayetaka gari la juu.

Kagua haya. Kwanza tairi: zote nne ziwe saizi moja na ziwe zimelika sawa, kwa sababu tofauti ndogo tu ya mzunguko huunguza klachi ya kugawa nguvu mbele na nyuma. Kata usukani hadi mwisho kwenye uwanja mtupu na utembee polepole. Likivuta kama limeshikwa breki, klachi hiyo ina tatizo. Pili, nyuma likikaa limechuchumaa bila mzigo, shokapu zake za kujiinua zimekufa. Wengi hufunga springi na shokapu za kawaida, nazo zinafaa, ila zibadilishwe pande zote mbili. Tatu, mvumo unaoongezeka na mwendo kutoka nyuma ni beringi za magurudumu. Belti ya taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji asipokuwa na uthibitisho, hesabu kwamba haijabadilishwa.

2. Toyota Altezza (1998–2005)

Kama unataka gari la spoti hasa, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, anza hapa. Kuna injini mbili. 1G-FE ya silinda sita ina farasi 160, ni tulivu na mvumilivu. 3S-GE ya silinda nne ina 210 kwenye gia za mkono na 200 kwenye otomatiki, lakini inataka oili safi bila mzaha, maana VVT-i yake, mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka, inaendeshwa na oili hiyohiyo. Oili ikiwa chafu, valvu za VVT-i zinakwama na gari linapoteza nguvu au kutetemeka likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Zote mbili zina belti ya taimingi.

Ugonjwa wake wa hatari ni boli jointi za chini za mbele. Zikichomoka, gurudumu linalala na gari halina usukani tena. Inua mbele kwa jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Mchezo wowote, badilisha pande zote mbili kabla ya kulitembeza. Ya gia za mkono ina wateja wachache, ila wanajua wanachotafuta na hawabishani sana bei.

3. Toyota Mark X 2.5 (GRX120, 2004–2009)

Farasi 215, gia sita za otomatiki, starehe. Injini yake ya 4GR-FSE inatumia cheni, hivyo gharama ya belti haipo. Shida ni kwamba petroli inaingia moja kwa moja ndani ya silinda, valvu haziogeshwi, kaboni inajijenga na gari linaanza kukosa moto asubuhi. Nyingine zinakula oili. Pima kiwango cha oili, tembea kilomita 50, pima tena. Kikishuka kwa namna inayoonekana, achana nalo. Kwenye bei linashikilia vizuri kwa sababu hata asiyependa mbio analitaka.

4. Subaru Impreza WRX

Ndilo tamu kuliko yote hapa, na liko la nne kwa sababu moja: ni vigumu kulipata ambalo halijachezewa. Japan lilitengenezewa petroli ya daraja la juu ambayo pampu zetu haziuzi. Mtu akiongeza busti, yaani presha ya turbo, huku akitumia petroli yetu, injini inagonga chini ya mzigo, pistoni zinapasuka kingo. Oili ikishuka, beringi za koneki rodi zinakwenda, na hapo ndipo unaposikia “imenoki”. Gia boksi ya gia tano huvunjika meno kwa wanaopenda kuondoka kwa kishindo. Linganisha namba ya injini na iliyo kwenye kadi. Zikitofautiana, injini imebadilishwa na kadi haijarekebishwa, na tatizo hilo utalirithi wewe.

5. Toyota Celica (ZZT231)

Farasi 190, raha yake inaanza juu ya mizunguko 6,000. Zuri, jepesi, ila liko chini mno kwa matuta yetu, na vipande vya bodi ni vya kusaka.

Ya kuyapita: Mazda RX-8, hata ukipewa kwa bei ya pikipiki. Injini yake ya rotari inachoma oili kwa namna ilivyoundwa, sili zikiisha mgandamizo unakwenda, na kuipima kunahitaji kifaa chake maalumu. Subaru Legacy ya turbo mbili nayo ina utitiri wa mipira ya vakyumu ambao mafundi wengi hawataki kuugusa. Golf GTI ni gari zuri kwa mwenye kumbukumbu za matengenezo za gia boksi ya DSG, ambayo inataka oili mpya kila kilomita 60,000; bila kumbukumbu hizo, hapana.

Siku ya kukagua

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiliwashe. Gusa boneti, ikiwa ya moto, rudi kesho. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, isipowaka mtu ameichomoa. Fundi akichomeka mashine ya kusoma makosa na kukuta majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia hayajakamilika, huenda kuna aliyefuta makosa siku hizi hizi.

Kisha panda mlima, Ilboru kwa walio Arusha, Kibosho kwa walio Moshi. Geji ya joto isipande kupita katikati. Ukishuka, toa mguu kwenye mafuta kwa muda, halafu kanyaga huku mtu akiangalia ekzosi: moshi wa bluu ni oili inayovuja kwenye ringi au sili za valvu. Kwa turbo, liache sailensa dakika tano kisha piga resi. Moshi hapo unaweza kuwa wa turbo yenyewe.

Fundi akipima mgandamizo Arusha, asomaye namba za kitabu atashtuka bure: geji husoma kama 15% chini kuliko Dar kwa sababu ya hewa nyepesi. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi 10% hivi, uliza maswali.

Ukikuta chujio la hewa la wazi, kile kikombe kinachong'aa, jua injini imekuwa ikila vumbi la hapa. Springi zilizokatwa na ekzosi ya kelele hushusha bei, hazipandishi. Dai vipande vya awali uviweke stoo.

Ukiwa na milioni 12, nunua gari la 9.5. Zilizobaki ni za belti na wota pampu, oili zote, plagi, tairi na uhamisho wa umiliki. Herufi za namba, C au D, zinaonyesha lilisajiliwa lini hapa, hazisemi lilitengenezwa lini. Mwaka wa kweli uko kwenye kadi. Kagua faini za barabarani mtandaoni kwa namba ya gari kabla ya kulipa. Lenye namba za Kenya lililopita Namanga kwa kibali cha muda bado linadaiwa kodi yote tuliyoitaja mwanzoni, haijalishi dalali anasemaje.

Nunua Januari, ada za shule zikiwabana wauzaji. Uza Novemba, kabla Wachaga hawajaanza safari ya kurudi nyumbani.