Pawa stesheni ya sola, miezi minane nayo Dodoma: ilivyonisaidia na ilivyoniudhi

Niseme mapema kabisa wakuu, mimi sio fundi umeme, mimi ni mpiga picha. Pasipoti saizi, harusi, kipaimara, mahafali, popote penye watu waliovaa vizuri nipo. Naishi Nkuhungu. Hiki kidude, yaani boksi la betri lenye soketi unalolichaji kwa paneli ya jua au umeme wa ukutani, nilikinunua Kariakoo mwezi wa kumi mwaka jana, laki tisa kasoro, nikaongeza laki mbili na nusu ya paneli ya kukunja ya wati 100, na kilichonisukuma wala sio nyumbani, ni mnada. Jumamosi huwa niko Msalato, pale nyama inachomwa, mbuzi wanauzwa, na katikati ya moshi wote ule kuna watu wanataka picha na wanaitaka saa hiyo hiyo, ukimwambia aje Jumatatu mjini ujue hela hiyo imeondoka. Zamani nilikuwa naomba umeme kwa jamaa mwenye jenereta, namlipa elfu tatu na bado jenereta likishikwa kwikwi printa inazima karatasi ikiwa nusu, sura ya mtu imeishia puani.

Sasa kitu cha kwanza kilichonichanganya ni namba. Kwenye boksi imeandikwa 600W kubwaa, na muuzaji akanipigia debe hapo hapo, "hii mia sita bosi, friji, tivii, feni, mpaka asubuhi". Nikaamini. Kumbe hiyo mia sita ni kiasi inachoweza kutoa kwa mpigo, ila umeme uliomo ndani umeandikwa pembeni kwa herufi za sisimizi, 512Wh, yaani wati-saa. Sisi watu wa Dodoma wenye simtank tutaelewa haraka, wati ni unene wa bomba, hiyo Wh ndio lita zilizopo kwenye tenki. Bomba nene halikuongezei maji. Na hata hizo 512 hupati zote kwa sababu kugeuza umeme wa betri uwe wa soketi kunakula kidogo njiani, ya kwangu nikipiga hesabu inanipa kama 430 hivi.

Kwa hiyo nyumbani umeme ukikata inakwenda hivi: tivii ya nchi 32 yenye wati kama 45, ruta, king'amuzi na taa mbili, naangalia mpira wote, taarifa ya habari, watoto wanamaliza homuweki, inakuja kukata kwenye masaa matano. Simu ni kitu kidogo sana kwake, hata usihesabu. Friji dogo sijawahi kulijaribu usiku kucha na sitajaribu, compresa ikiwaka inavuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida kwa sekunde moja na hapo ndipo watu wanalia.

Pasi ndio kesi yenyewe. Nilikuwa naoga nikasikia biiiii ndefu, natoka mke wangu kasimama na gauni la kanisani mkononi na pasi imechomekwa kwenye kidude, ananiambia "si umesema ni umeme kama wa ukutani". Pasi inakula wati elfu na zaidi. Stesheni haikuungua lakini, ilijizima yenyewe ikaandika alama ya kuzidiwa, ukichomoa ukawasha upya inarudi kama hamna kilichotokea, kwa hilo naipa hongera. Jagi la kuchemshia maji nalo usithubutu.

Na printa hivyo hivyo, nilikuwa na ya leza pale ofisini, nikasema si printa ni printa tu. Leza ikianza inapasha moto ndani ili unga ushike kwenye karatasi, inavuta wati mia nane mpaka elfu kwa muda mfupi, ikazimisha kila kitu mbele ya mteja. Ya wino ndio mwake, ile ya matanki inakula kama wati 15 ikiwa inachapa, yaani naweza kuchapa Msalato kutwa nzima na kamera nachaji na spika ya jirani muuza CD nampa na jioni nakuta imebaki asilimia 60.

Halafu kuna kitufe cha AC, kile cha kuwasha umeme wa soketi. Hiki ndicho kilichoniibia sana miezi ya mwanzo. Ukikiacha kimewashwa, hata kama hujachomeka kitu, ile inveta ndani, inayogeuza umeme wa betri uwe wa soketi, inaendelea kula, ya kwangu kama wati 10, unalala imejaa unaamka asilimia 80 na unaanza kulaumu watoto. Kama unachaji simu tumia tundu la USB tu, AC zima.

Jua sasa. Watu wanafikiri Dodoma kwa jua hili paneli ya 100 itatoa 100. Haitoi. Mimi kubwa kuliko zote nimeona 81, asubuhi ya saa nne hivi baada ya mvua kufuta vumbi, kawaida ni 70 na kitu. Saa saba mchana jua likiwa kali kabisa inashuka maana paneli yenyewe imechemka, na paneli ikichemka inatoa pungufu. Na kivuli, aisee. Siku moja nilikuwa nimeiegemeza kwenye kigoda uani, nakaa naangalia skrini kama naangalia matokeo, 76, 77, 76, ghafla 24. Nikadhani imekufa. Natazama, ni jani moja tu la mpapai limeangukia kona ya chini ya paneli. Nililisogeza kwa kidole ikarudi 76. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuhamisha hamisha kigoda kila saa kama mlinzi. Kuijaza kutoka sifuri ni saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, siku ya mawingu ya Januari sahau, wati 15, 20 tu. Umeme wa ukutani ni kama masaa mawili kwisha.

Betri lenyewe weka kivulini, nasisitiza. Novemba nililiacha juani pamoja na paneli, feni ikawa inapiga kelele kama bajaji inapanda mlima, baadae ikagoma kabisa kupokea chaji mpaka ilipopoa. Sasa hivi linakaa chini ya meza na paneli inakaa juani, waya una urefu wa kutosha. Vumbi letu la mwezi wa saba mpaka wa kumi nalo linaingia kwenye zile nafasi za feni, napuliza na brashi ya kamera.

Ukitaka kupendwa ukweni nenda nayo. Pasaka tulikuwa kwa mama mkwe, Bahi ndani ndani, huko wana kasola ka taa mbili tu. Jioni ya kwanza nilichaji simu tatu, ya pili zilikuwa kumi na moja, wazee wanakuja na salamu ndeefu za Kigogo, mbukwa, tunaulizana habari za mpunga, za mvua, na simu iko mfukoni muda wote inasubiri salamu ziishe. Mama akaniambia "mkwe, hiki kisanduku kikae hapa, wewe mjini una umeme". Nilicheka lakini yeye hakuwa anacheka.

Kasoro nyingine ni soketi. Ya kwangu ilikuja na tundu za duara mbili za Ulaya, plagi zetu za miguu mitatu haziingii, nikanunua adapta ya elfu mbili ikawa inacheza na kutoa cheche, nikaitupa nikachukua nzito ya elfu nane. Na kama una shemeji yupo Marekani anataka kukuletea, mwambie aangalie kwanza, za kule nyingi zinatoa volti 120 na vifaa vyetu ni 230. Kwenye ndege yenyewe hataruhusiwa, mwisho ni 160Wh na hapo mpaka shirika likubali.

Kuna jamaa zangu wananiambia kwa laki kumi na moja na nusu ningepata betri kubwa la maji, inveta na paneli mbili za juu ya bati, na ni kweli, kwa nyumba iliyosimama sehemu moja ningefanya hivyo, tena likiharibika fundi wa mtaani analifungua, hiki kidude changu hakuna fundi nimempata Dodoma wa kukigusa. Ila betri la maji huwezi kulinyonya mpaka chini kila siku likadumu, na huwezi kulipakia kwenye bodaboda kwenda Msalato. Hiki kina kilo sita na kitu, nakiweka mapajani.

Paneli ya pili nimeshaagiza, inafika na basi Jumatano, ili nijaze kabla ya saa saba mchana. Mke wangu alivyosikia zinakuwa mbili swali lake lilikuwa moja tu, kwamba sasa pasi itaweza?