Kereng'ende wa mvua au mwekundu wa bwawani, uanze na yupi?

Hili swali haliishi kwa wanaopenda kuwapiga picha. Kwa picha mwekundu, Crocothemis erythraea, anashinda mbali, dume ni jekundu mpaka miguu, anakaa kijitini analinda eneo lake, ukimshtua mara nyingi anarudi palepale so wewe tulia tu. Jike ni manjano ya kahawia, wengi wanampita. Wa mvua, Pantala flavescens, hatulii kabisa, anazunguka hewani masaa, akitua ananing'inia wima. Ila safari zake aisee! Anavuka Bahari ya Hindi toka India mpaka huku Afrika Mashariki, anataga kwenye madimbwi ya mvua. Una simu tu na bwawa karibu? Mwekundu. Huna bwawa, subiri mvua uangalie juu uwanjani.