STI ama Evo X: mabishano ya muchomo na jinsi gari zenyewe zilivyo hapa Uganda

Ukitaka kuvuruga watu waliokaa vizuri wanakula muchomo, yaani nyama choma, hapa Kampala, wewe sema tu kwa sauti kwamba Evo, yaani Mitsubishi Lancer Evolution, ni kali kuliko Subaru Impreza STI alafu vuta kiti ukae pembeni usikilize. Hii vita tumeirithi kutoka kwa majirani Kenya, kwenye Safari Rally. 1996 Tommi Mäkinen kachukua na Mitsubishi, 1997 Colin McRae kachukua na Subaru, 1998 Richard Burns kairudisha kwa Mitsubishi, alafu Burns huyohuyo 2000 akashinda akiwa ndani ya Subaru, 2001 Mäkinen tena na Mitsubishi. Sasa hapo nani atamfunga nani mdomo? Ata ubingwa wa dunia ni vilevile, Mäkinen mara nne mfululizo 1996 mpaka 1999, na Subaru wanakutajia McRae 1995, Burns 2001 na Petter Solberg 2003. Hapa nyumbani pia, Susan Muwonge alibeba ubingwa wa taifa 2011 na Subaru, na watu wa Evo X wanakujibu na Jas Mangat na Ronald Ssebuguzi. Haishi.

Mimi nimepata bahati ya kuziendesha zote. Evo X ni ya shemeji yangu wa Jinja, ile ya giaboksi ya SST inayobadilisha gia yenyewe, na STI ni ya jirani yangu hapa Kira, sedani ya 2011, namba ya chesisi inaanza na GVB, gia sita za mkono. Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye hasira aanze kukasirika sasa: Evo ndio gari tamu kuendesha, STI ndio gari ya kumiliki ukiwa Uganda, na yeyote anayekwambia moja inashinda kwa yote mawili, muulize kama ana gari anauza.

Kabla ya mbio tuongee sheria maana ndio inaamua ununue nini. Tangu Oktoba 2018 gari ikipitisha miaka 15 toka itengenezwe haiingii tena nchini. Kwa hiyo ile Evo IX ambayo kila mtu anaiota, yenye injini ya 4G63 ya blok ya chuma, ilitengenezwa 2005 mpaka 2007, imeshafungiwa nje, na STI za zamani za GDB nazo hivyohivyo. Zilizomo nchini ndio hizohizo, nyingi zimeshapigwa rali mpaka zimechoka, na wenyewe wanataja bei wakiwa hawakuangalii machoni. Ata Evo X za mwanzo za 2007 na 2008 zimeshafungiwa nje. Kilichobaki kwenye bondi, yaani yadi za magari yaliyoagizwa, ni Evo X za miaka ya mwisho, uzalishaji wake uliishia 2015 na 2016, na STI za GVB za mwisho pamoja na chesisi iliyofuata, VAB, iliyotoka 2014 mpaka 2019. Ongeza kodi, ongeza levi (tozo) ya mazingira ambayo inauma kadiri gari inavyozeeka, utaelewa kwanini wazee wengi wanaishia na Toyota Mark X na roho safi.

Sasa barabarani. Tuliziendesha zote safari moja, Kampala kupitia Mubende mpaka Fort Portal, alafu tukateremka ile barabara ya kwenda Bundibugyo inayojikunja ukutani huku bonde la Semliki unaliona chini kabisa. Kama hujawahi kupita hapo na gari ya maana nakuonea huruma. Pale ndio nilielewa watu wa Evo wanaongelea nini. Usukani wake ni wa haraka ajabu, unafikiria kona mkono umeshafika, na ule mfumo wa AYC wa difu ya nyuma unasukuma nguvu zaidi kwenye gurudumu la nje, kwa hiyo badala ya pua kukimbilia ukingoni kama gari nyingi za magurudumu yote manne zinavyofanya, gari inajikunja yenyewe kuingia kona. Unaweza kuingia na mwendo wa kijinga na bado ikakusamehe. Kuna swichi ya kuchagua lami, changarawe au theluji, ya theluji nadhani ni ya wale wanaopanda Rwenzori.

STI hapo hapo inataka uiheshimu kidogo. Breki kwanza, subiri pua ikae chini, ndio ukanyage, na ukikanyaga kabla ya wakati pua inatoka nje ikuoneshe nani mkubwa. Lakini ukishaijua ina raha yake ya kivyake. Ile injini ya boksa pistoni zinalala kushoto na kulia, uzito unakaa chini, na gari inashikilia ardhi bila kuyumba. Alafu kuna ile swichi ya DCCD katikati ya viti, unaamua mwenyewe difu ya katikati ifunge kiasi gani, kwenye maramu, barabara ya udongo, yenye tope unafunga zaidi, kwenye lami unaachia. Evo inakufanyia kazi, STI inakuambia fanya wewe. Jirani yangu anasema ndio maana yeye anajiita dereva na shemeji yangu ni abiria aliyekaa upande wa usukani, maneno ambayo yalitutosha kubishana toka Fort Portal mpaka Kyegegwa.

Nguvu? Achana nazo bana. STI ya Japani ya lita mbili inatoa farasi 308, Evo X farasi 280 mwanzoni na 300 baada ya 2008, na zote mbili mvuto wao (toki) ni kama Nm 422. Na mpaka 2004 Wajapani walikua na makubaliano ya kiungwana kwamba hakuna anayetangaza zaidi ya farasi 280, kwa hiyo yale makaratasi ya gari za zamani yalikua ni adabu tu. Cha maana kwetu ni kwamba zote zina tabo (turbo), ile inayosukumia injini hewa zaidi, na hapa Kampala tupo kama mita 1,200 juu ya bahari, ukifika Kabale ni karibu 2,000, injini isiyo na tabo inapumua kwa shida ila hizi hazihisi sana.

Tatizo ni petroli. Hizi gari Japani zinakunywa petroli ya oktani karibu 100, pampu zetu za kawaida ziko chini ya hapo. Kwa hiyo kijana akikwambia anakutyunia busti, yaani presha ya tabo, ipande kwa laptop yake chini ya mwembe, kimbia. Tyuni ya kwanza unayohitaji hapa ni ile ya kuishusha ifanane na mafuta yetu, alafu tumia V-Power ya Shell au mafuta ya juu ya kituo unachokiamini, kila siku, sio siku una hela.

Tuje kwenye sauti, hapa wengi wataudhika. Nusu ya watu wanaonunua STI Kampala wananunua ule mngurumo, ile dududu inayofanya boda ageuke. Banange, STI ya Japani haingurumi hivyo! Ule mlio unatoka kwa manifodi ya eksozi yenye mabomba yasiyolingana urefu, ipo kwenye injini ya lita mbili na nusu, EJ25, waliyokua wanauziwa Marekani na Ulaya. EJ20, injini za lita mbili za STI ya Japani, tokea GDB za katikati mpaka VAB zina tabo ya twin scroll (yenye njia mbili za moshi) na mabomba yaliyolingana, sauti yake ni laini, ya kistaarabu. Kwa hiyo mtu anavuta gari toka bondi, anaiwasha, anakunja uso, alafu wiki inayofuata yuko gereji anabadilisha manifodi nzuri ya kiwandani aweke ya kelele, anapoteza nguvu ya chini ili asikike Wandegeya. Mimi siwezi.

Na hiyo EJ25 yenyewe, tahadhari. Inajulikana dunia nzima kwa gasketi za hedi na pistoni zinazopasuka kwenye kingo za ringi, hasa ikityuniwa vibaya. Kwenye bondi zetu inaingia kwa mlango wa nyuma, inaitwa STI A-Line, ni otomatiki ya gia tano, na muuzaji atakwambia ni STI kamili. Ni STI, ndio, lakini siyo ile unayoifikiria. Ukiacha hapo kuna WRX S4, chesisi VAG, injini nyingine kabisa ya FA20 na giaboksi ya CVT, nayo utaambiwa ni STI otomatiki. Upande wa Mitsubishi kuna Galant Fortis Ralliart, farasi 240, gari nzuri tu kwa haki yake, lakini imewekewa bampa na spoila inauzwa kama Evo. Na kuna zile Impreza za lita moja na nusu zenye tundu la boneti lililobandikwa na gundi, hizo sitazizungumzia nitalia. Soma chesisi ssebo: GVB, GRB au VAB ndio STI, CZ4A ndio Evo X. Kama haianzi na hizo, weka hela mfukoni.

Sasa kumiliki. Hapa ndio Evo inapoanza kunipoteza. SST ya kluchi mbili kwenye barabara ya wazi ni muujiza, gia zinaruka kabla hujapepesa, lakini ni giaboksi inayojulikana kwa kuchemka na kuwa na roho nyepesi, na wewe unaipeleka kwenye jamu ya Jinja Road saa kumi na moja jioni, takisi kulia takisi kushoto, unatambaa kuanzia Nakawa. Oyili yake na filta lazima vibadilishwe kwa wakati, na ni oyili maalum, siyo ile ya kidebe cha njano. Ukiweza tafuta Evo X ya mkono, ya gia tano. Alafu ile AYC inayoleta utamu wote wa kona, pampu yake inakaa nyuma karibu na gurudumu la kulia, na gari zilizotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako wanamwaga chumvi barabarani, pampu hiyo inaliwa na kutu. Ikifa, utamu umekufa, na spea yake siyo kitu cha kuamka asubuhi ukaikuta Kisekka, soko la spea la Kampala. Utaagiza, utasubiri, na bei utaambiwa ukiwa umekaa.

Kwa Subaru, Kampala imejaa Forester, Legacy na Impreza, kwa hiyo Kisekka bushi, bearingi, sensa, redieta vinapatikana mpya na za kutumika, na kila mtaa una makanika anayejidai daktari wa boksa. Wengine ni waongo, ila wengine wanajua kweli. Siyo kwamba STI haina gharama, plagi zake ziko ubavuni na kuzitoa ni mateso, taimingi belti lazima ibadilishwe ikifika kilomita 100,000 na ukichelewa injini imekwenda, wakati Evo X inatumia cheni. Oyili pia boksa inapenda kunywa, pima kila unapojaza tenki. Breki za Brembo za zote mbili ni bei ileile ya kuumiza.

Vidogovidogo: zote ziko sentimita 14 hivi toka chini, matuta ya Najjera utayapanda kwa pembe huku watu wa boda wanakucheka. Buti ya Evo X ni ndogo kwa sababu betri imehamishiwa huko, tenki yake ni lita 55 na ya STI ni 60, na usukani wa Evo X hausogei mbele na nyuma, mtu mrefu kama mimi anakaa kama anakula kwenye meza ya watoto. Ndani, zote ni plastiki ngumu. Kwa hela hiyo ungepata gari ya Mjerumani yenye ngozi na mbao, lakini Mjerumani huyo hawezi kukupeleka Bundibugyo namna ile.

Kuhusu mbio za kweli, Entebbe Expressway mwisho ni 100 kwa saa na unalipa shilingi 5,000 kuipita, kwa hiyo hao farasi 300 watakua wamelala. Ukiwa na wazimu nenda uwanja wa mbio wa Busiika wakiwa na tukio, huko hakuna ng'ombe wala mtoto wa shule anayevuka.

Nikiwa na hela ya moja tu nachukua VAB ya 2016 kuja mbele, ya mkono, eksozi ya kiwandani, yenye kumbukumbu za sevisi, nitaiwasha asubuhi ikiwa baridi kabisa nisikilize kabla sijataja bei, na kama muuzaji ameshaipasha moto kabla sijafika tunaagana. Evo X nitaendelea kumuomba shemeji siku za Jumapili, pampu ya AYC ikifa atajua yeye.