Hilux dabo kabini: gari limerefuka, bodi imefupika

Pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1968 ilikuwa na urefu wa kama mita 4.3 na upana wa sentimita 158. Dabo kabini ya toleo lililoanza 2015 ina mita 5.33 kwa sentimita 185.5. Mita nzima imeongezeka, na iliyoila ni kabini: milango minne, siti ya nyuma ya watu wazima watatu, mifuko ya hewa, vyuma vya kukinga ubavu. Bodi ya mzigo imebaki na kama mita moja na nusu. Singo kabini ya toleo hilohilo, yenye milango miwili na siti za mbele tu, ina bodi ya mita 2.3.

Kuna sababu nyingine ya gari kukua ambayo haisemwi sana. Japani, gari la daraja dogo halitakiwi kuzidi upana wa mita 1.7 na urefu wa mita 4.7. Ndiyo maana Hilux nyingi za miaka ya tisini ziliishia sentimita 169. Toleo la 2004 halikuuzwa Japani, hivyo kizuizi hicho kikaondoka na gari likatanuka.

Injini ya dizeli ya lita 2.8 haina shida, nguvu inayo. Piga hesabu ya mzigo kabla ya kulipa. Hata ukikadiria uwezo wa tani moja kamili, abiria wanahesabiwa humohumo. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Zinabaki 650, yaani mifuko 13 ya saruji, si 20. Ukilazimisha 20, uzito unakaa juu ya ekseli ya nyuma na nyuma yake, pua inanyanyuka, stelingi inakuwa nyepesi na taa zinawapiga wenzako machoni. Panga mifuko ikigusa kabini, usiirundike kwenye mlango wa nyuma wa bodi.

Bati la mita 3 nusu yake inaning'inia nje. Hapo funga karia ya juu, la sivyo litapinda kabla hujafika Mbagala.

Kwa duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, tunashauri singo kabini bila kusita. Dabo inamfaa anayebeba mafundi na vifaa vyao kwenda saiti Kibaha au Bagamoyo. Kariakoo itakutesa: kugeuka mara moja kunataka karibu mita 13, na kwenye maegesho ya mita 5 mkia unabaki barabarani, bajaji zikipita sentimita chache kutoka kwenye bampa.