Darasa la hisia la Jumamosi, Bel-Air, Lubumbashi: mtoto anafundishwa, mzazi anaishia getini

Kijana wangu ana miaka 8, na shuleni alikuwa hapitishi wiki bila kupigana. Mimi ni dereva wa roli, foleni ya mpakani Kasumbalesa inanila siku nzima. Mama yake yuko sokoni. Ndiyo maana tulimwandikisha hapa, ajifunze kuzitambua na kuzituliza hisia zake.

Ubao wao wa rangi nne umenikuna. Mtoto akiingia anachukua kibanio cha nguo chenye jina lake na kukibana kwenye rangi ya hali yake: bluu ni huzuni au uchovu, kijani ametulia, njano ana wasiwasi au msisimko umempanda, nyekundu hasira zimefika kooni. Mpango huo ni wa Mmarekani Leah Kuypers, ulichapishwa mwaka 2011. Mwalimu hamkaripii mtoto wa nyekundu. Anamsogeza dirishani, wanavuta pumzi pamoja polepole, kisha anamuuliza, "Baba, mwili unakuambia nini?" Nilimsikia mvulana mmoja akijibu kwamba masikio yanamchoma. Basi, akarudi kucheza.

Siku hizi na sisi tuna vibanio kwenye pazia la sebule. Binti yangu mdogo, ambaye hata si mwanafunzi wao, amenipa changu, na nikirudi kutoka mpakani anakiweka kwenye nyekundu kabla sijavua viatu. Mke wangu anacheka mpaka bukari (ugali) inataka kuungua.

Ila mkutano wa wazazi wameuweka Jumatano saa nne asubuhi. Nani ataenda? Ukutani wamebandika stadi tano za CASEL, shirika la Marekani la mafunzo ya hisia na mahusiano shuleni, lililoanzishwa mwaka 1994: kujitambua, kujitawala, kuwaelewa wengine, kuishi na watu, kuamua kwa busara. CASEL hao hao wanaihesabu familia katika kazi hii pamoja na shule. Hapa hatupewi hata karatasi moja ya kutuambia wiki hii wamefundisha nini. Kijana aliposusa chakula akisema yuko kwenye bluu, bibi yake alikwenda kumtafutia dawa ya malaria!

Bei ni dola 10 kwa mwezi, na vifaa havilipiwi. Chumba ni kidogo; mwezi wa kumi joto lake halivumiliki.

Ugomvi umepungua, haujakwisha. Juzi alimsukuma mwenzake, lakini alikwenda kumwambia mwalimu mwenyewe kabla hajashtakiwa. Mwezi ujao nitalipa tena. Nimewaomba wahamishie mkutano Jumapili baada ya misa, wamesema watafikiria.