Uzoefu wangu: darasa la jioni la kujiandaa na Shule ya Sheria, Tanga mjini

Naanza na jibu kwa wanaoniuliza kama darasa hili la jioni linastahili pesa yake: ndiyo, linastahili. Kama umemaliza shahada ya sheria, umerudi nyumbani Tanga na unasubiri kwenda Dar es Salaam kusomea uwakili, lipia. Mimi nimeshapita huko na nimefaulu bila sapu, yaani bila kurudia mtihani wa somo lolote, kwa hiyo nayaandika haya kwa ajili ya wadogo zangu wanaofuata, wayajue kabla hawajapanda basi pale stendi ya Kange.

Kwa asiyeifahamu njia hii: Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi tunaiita Shule ya Sheria, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ikaanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili anapita pale kwanza, ndipo afike mbele ya Jaji Mkuu kukubaliwa na jina lake kuingizwa kwenye orodha ya mawakili. Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo yake: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dk Harrison Mwakyembe kuchunguza. Tangu hapo hakuna mzazi anayempeleka mtoto kule bila hofu, na hofu hiyo imezaa biashara. Madesa, yaani muhtasari wa masomo uliokwisha kuandaliwa, yanauzwa kwenye makundi ya WhatsApp, watu wanatangaza "mitihani iliyopita na majibu yake", na wengine wanakuahidi kufaulu kana kwamba wao ndio wasahihishaji.

Darasa ninalolizungumzia halina tangazo lolote. Liko ghorofani juu ya steshenari moja ya Ngamiani, lina meza ndefu mbili, feni moja na ubao. Anayelifundisha ni wakili wa kujitegemea wa siku nyingi. Simtaji jina kwa sababu mwenyewe hapendi kutangazwa, lakini ukiuliza mawakili vijana wa hapa mjini utaelekezwa. Ada nililipa shilingi elfu sitini kwa mwezi. Vipindi ni jioni baada ya saa za kazi, Ijumaa hakuna kipindi, na mwezi wa Ramadhani kila kitu kinasogezwa hadi baada ya tarawehe.

Mle ndani hakuna mhadhara. Mkishamwamkia, "shikamoo wakili, marahaba", anagawa karatasi yenye kisa cha nusu ukurasa na kukupa saa moja ya kuandika kwa mkono. Kisa hakikuambii ufanye nini. Kinasema kwa mfano kwamba Bi fulani ana kiwanja Pongwe chenye thamani ya shilingi milioni 90, jirani yake amejenga ukuta ndani ya mpaka wake, na mama huyo amekuja ofisini kwako leo. Basi. Kazi yako ni kuamua unakwenda baraza gani au mahakama gani, kwa hati ipi, na kama muda bado upo, halafu unaiandika hati yenyewe tangu kichwa chake hadi mahali pa kusaini.

Kisa hicho cha Pongwe nakikumbuka kwa sababu kinaonyesha tofauti ya chuo kikuu na kazi. Chuoni tulijua kueleza umiliki wa ardhi kwa kurasa nyingi. Pale tulitakiwa kujua kwamba kesi ya kurejesha ardhi isiyozidi kikomo cha shilingi milioni 300 inakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwamba kule unaanza kwa maombi wala huandiki hati ya madai, na kwamba madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12 ilhali ya mkataba ni 6 na ya madhara, yaani mtu kukudhuru pasipo mkataba, ni 3. Ukikosea mlango, hoja zako zote nzuri hazina pa kusikilizwa. Wakili alikuwa akiona jina la mahakama isiyo sahihi juu ya karatasi, anaishia hapo hapo, anakurudishia bila kusoma mstari wa pili. Inauma, lakini ndivyo msajili atakavyokufanyia.

Sehemu iliyonifaa kuliko zote ni hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu anayaapia kuwa ni kweli. Tuliiandika na kuiandika tena mpaka vidole vikauma, na nashukuru. Mwanafunzi mwenye shahada anadhani kiapo ni barua ya kujieleza: anaweka hoja za kisheria, anaweka maombi, anaweka hasira ya mteja. Wakili wetu aliturudisha kwenye shauri la Uganda dhidi ya Kamishna wa Magereza, kwa maombi ya Matovu, la mwaka 1966, ambalo mahakama za Afrika Mashariki hazijaacha kulirejea. Kiapo ni ushahidi wa mdomo uliowekwa kwenye karatasi. Kinabeba mambo ambayo mwapaji anayajua mwenyewe, au aliyoambiwa na anayaamini, huku akitaja nani alimwambia. Hoja, hitimisho la kisheria na maombi havina nafasi mle. Basi anapita na kalamu nyekundu aya kwa aya: "Hili umelijuaje?" "Hii ni hoja, toa." "Nani alikwambia? Mtaje." Kisha anateremka chini kabisa, kwenye sehemu ya kamishna wa viapo, kuangalia kama umeandika mahali na tarehe kilipoapwa. Sheria inavitaka vyote viwili, na viapo vimewahi kutupwa mahakamani kwa kukosa kimoja tu. Baada ya wiki chache nilikuwa nasoma kiapo cha mtu mwingine na jicho linasimama lenyewe kwenye aya mbovu. Ujuzi huo huuziwi kwa desa.

Na madesa niyaseme hapa, maana watu bado wanayanunua. Toleo la Urekebu la mwaka 2023 la sheria zetu lilizinduliwa Aprili 2025 na kuanza kutumika Julai mwaka huo huo. Katika sheria kadhaa namba za vifungu zimesogea. Desa lililochapwa kabla ya hapo linakupa kifungu ambacho leo kinazungumzia jambo jingine kabisa, nawe umekikariri kwa moyo. Mwenzetu mmoja alikuja na furushi zito alilouziwa, limefungwa kwa jalada zuri, na mle ndani hapakuwa na neno kuhusu toleo jipya. Wakili alimwomba alifunge, akampa sheria yenyewe. Tangu siku hiyo darasa zima tulisoma kutoka kwenye sheria, na ubaoni tukaanza kuandika namba ya zamani na mpya sambamba, kwa kuwa hukumu za nyuma zitaendelea kutaja za zamani. Ukiwa unajiandaa sasa, zoezi hilo la kulinganisha namba ulifanye mapema, hata kama hutaingia darasa lolote.

Hukumu tulizisoma TanzLII, tovuti ya Mahakama ya Tanzania, ambayo ni bure. Hilo peke yake lingenifanya niandike uzoefu huu. Zamani mtoto wa Tanga alihitaji ndugu Dar es Salaam wa kumtolea kopi za ripoti za kesi. Leo, kwa bando dogo, ukikaa kwenye benchi la Maktaba ya Mkoa, ile ambayo wazee bado wanaitaja kwa jina la Mfalme George wa Sita, unafungua uamuzi wa Mahakama ya Rufani na kuusoma wote. Sharti la darasa lilikuwa uamuzi mmoja kila wiki, usomwe mpaka mwisho, kisha uusimulie bila karatasi: nani alikwenda kwa nani, aliomba nini, mahakama ilikataa au ilikubali kwa sababu ipi. Ule wa Mukisa Biscuit wa 1969 juu ya pingamizi la awali, lile linalotolewa kabla shauri halijasikilizwa, kila mtu anaujua kwa jina, lakini ni wachache wanaoweza kueleza kwamba pingamizi lazima liwe hoja safi ya sheria, lisimame juu ya mambo yasiyobishaniwa, na likikubaliwa limalize shauri. Ule wa Lyamuya Construction, ombi namba 2 la mwaka 2010, tuliusoma mpaka tukauota: anayeomba kuongezewa muda aeleze kipindi chote alichochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, aonyeshe bidii na si uzembe, na kama kuna jambo zito jingine, mfano uharamu ndani ya uamuzi unaolalamikiwa, aliseme. Ukiwa na hayo manne kichwani unajua cha kuweka kwenye kiapo cha kuunga mkono ombi, na hapo ndipo nilipoona masomo mawili yanashikana.

Tulihesabu siku pia, kwa ubishi mkubwa. Utetezi wa maandishi katika shauri la madai ni siku 21 tangu mdaiwa apelekewe hati. Taarifa ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30 tangu uamuzi, na kumbukumbu za rufaa zinafuata ndani ya siku 60 tangu taarifa iwasilishwe. Kwenye jinai, kwenda Mahakama Kuu, nia ya kukata rufaa ni ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe 45. Wakili anakutajia tarehe ya hukumu, naye anataka tarehe ya mwisho papo hapo, Jumapili na sikukuu zikiwemo kwenye hesabu yako ya kichwa.

Kuna siku za kwenda mahakamani. Hizi hazimo kwenye ada wala kwenye ratiba, unakwenda mwenyewe. Mashauri ya Mahakama Kuu hapa Tanga yanasikilizwa wazi, na mtu yeyote aliyevaa kwa heshima na kuzima simu anakaa nyuma na kusikiliza. Nenda. Nilimwona wakili mmoja akimhoji shahidi wa upande wa pili kwa maswali mafupi, kila moja likibeba jambo moja, sauti haipandi hata kidogo, na shahidi akajikuta ameyakubali mambo ambayo asubuhi aliyakana. Hakuna kitabu kilichonifundisha vile. Wakati wa mapumziko unakunywa kahawa nje na kusikia mawakili wakijadiliana waliyoyaona, na mara nyingi ukiamkia kwa adabu wanakueleza.

Sasa upungufu. Jinai inapewa muda mdogo mno. Mwalimu mwenyewe ni mtu wa madai na ardhi, na inaonekana. Hati ya mashtaka tuliiandika kwa haraka haraka, na masuala ya dhamana tuliyagusa tu. Mimi nililifidia kwa kujiunga na diskasheni ya vijana watatu waliopitia stashahada pale Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Wale wamelelewa na mwenendo wa mashauri tangu mwanzo, na kwenye jinai walituacha mbali sisi wa shahada. Ukipata mtu wa Lushoto, mshike.

Maadili ya uwakili pia yalipita juu juu, wakati kanuni za mwaka 2018 za maadili na mwenendo wa mawakili zinasomeka jioni mbili na zinakuja kukuhusu maisha yako yote. Zisome mwenyewe. Soma na ile amri ya mwaka 2015 ya malipo ya mawakili, ujue gharama zinavyokokotolewa.

Jambo jingine ni idadi. Nilipoanza tulikuwa wachache na karatasi ilirudi kesho yake ikiwa na wino kila mstari. Kundi jipya lilipoingia, karatasi zikaanza kuchukua wiki, na wino ukapungua. Nilimwambia wakili kwa heshima, akakubali kugawa watu makundi mawili, lakini nashauri ukifika uulize kwanza mko wangapi kabla hujatoa pesa. Thamani yote ya darasa hili iko kwenye masahihisho. Mkizidi kumi na tano kwenye meza zile mbili, subiri kundi linalofuata.

Kwa akina dada: vipindi vinamalizika usiku, na ngazi za nyuma hazina taa. Sisi tulipanga kushuka pamoja na kuchukua bajaji moja kwa wanaokwenda Makorora na Mabawa. Mwenye jengo ameshaombwa taa, na nataka wanaolipa ada waendelee kuidai, kwa sababu nimewaona wasichana wawili wenye uwezo mkubwa wakiacha kwa amri ya nyumbani, na sababu ilikuwa giza lile.

Halimfai kila mtu. Kama hujashika bado misingi, yaani bado unachanganya rufaa na mapitio, utateseka na utapoteza pesa. Rudi kwanza kwenye vitabu vyako vya mwaka wa pili na wa tatu. Na kama unatafuta mtu wa kukuotea maswali ya mtihani, pale hakuna huduma hiyo. Wakili hataki hata kuiona karatasi ya mtihani uliopita mpaka uwe umemaliza mzunguko wa hati zote, tangu notisi ya madai hadi sababu za rufaa.

Wanapokea watu mwanzoni mwa mwezi. Njoo na sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai, toleo jipya, karatasi zenye mistari za kutosha, na kalamu mbili za bluu. Nyekundu anayo yeye.