Njoro wa Uba na kiti cha nyuma: tamthilia zetu zimekosea wapi?

Haya watu wangu, karibuni tena. Leo sipo sebuleni, nimeketi ndani ya gari, na hii injini imezimwa kabisa. Kuna kitu nataka kuwaonyesha ambacho bila gari hakionekani, kwa hiyo usibanduke. Kama ni mara yako ya kwanza hapa, bonyeza kengele kwanza halafu twende.

Tunaongea tamthilia za jioni na vichekesho vya hapa kwetu Kenya. Mimi saa moja na nusu ikifika, rimoti iko mkononi mwangu na haiachiwi mtu. Maria ya Citizen TV niliitazama kuanzia 2019, Yasmin Said akiwa Maria mwenyewe, Brian Ogana akiwa Luwi. Ikaja Zora 2021, Sarah Hassan akaturudia. Ikaja Sultana 2022, na hapo jamani nilinaswa. Hadithi mnazijua, sizirudii. Niseme tu kwamba Mwanaasha Johari kucheza msichana asiyeona, usiku baada ya usiku, bila jicho kumsaliti, si kazi ya kubezwa hata kidogo. Na Winnie Bwire, Dida wetu wa Sultana, aliyetutoka 2024! Mpaka leo nikikutana na kipande chake kwenye simu nasimamisha shughuli zote. Mungu amrehemu.

Sasa kinachonichoma roho. Watu wangu, hizi tamthilia za kila siku zinavutwa! Hadithi inaanza moto, miezi michache tu imekuwa supu iliyoongezwa maji. Ngoja niwaonyeshe. Chukulia tuko sebuleni kwa tajiri fulani: kuna mama, kuna baba, kuna kijana, na kuna mgeni mlangoni. Mgeni anasema, "Huyu si mtoto wako." Sawa? Sasa nitazame mimi. Muziki: duuum. Kamera kwa mama, mdomo wazi. Kamera kwa baba, anavua miwani. Kamera kwa kijana. Kamera inarudi kwa mama, mdomo bado uko wazi! Halafu mgeni anarudia maneno yale yale, "Nimesema, huyu si mtoto wako." Tangazo la sabuni. Tukirudi, tunaanza tena na ule mdomo wa mama. Kesho yake kipindi kinafunguliwa kwa sentensi ile ile. Nusu saa imeisha na hakuna aliyejibu.

Najua kwa nini wanafanya hivyo. Usiku tano kwa wiki ni mzigo. Waandishi wanakimbizana na ratiba, ile sebule imeshajengwa na kulipiwa, basi kila siri lazima ifichukie pale pale kwenye kochi. Na kuna mama anayefunga duka lake usiku, anafika nyumbani kipindi kiko katikati, huyo anahitaji kukumbushwa. Hilo nampa. Lakini kukumbushwa mara moja kunatosha!

Ndiyo maana leo niko kwenye gari. Njoro wa Uba, kile kichekesho cha chaneli ya Maisha Magic East, mmekiona? Joe Kinyua ndiye Njoro, ndoa imevunjika, anaendesha teksi ya kuitwa kwa simu ili maisha yasonge. Sitaki kueleza zaidi, nataka muone kiti.

Simu nimeiweka dashibodi, inatazama ndani. Mnaniona mimi dereva kulia? Na mdogo wangu pale nyuma kushoto, mnamwona? Wote wawili, fremu moja. Sasa mimi naendesha, siwezi kugeuka nikamtazama abiria. Ninachoweza ni hiki kioo. Sema kitu, dada. "Kaka, nifikishe haraka, mume wangu ananingoja." Angalieni macho yangu kwenye kioo. Nimeshaiona simu yake inaita, jina lililoandikwa si la mume. Yeye hajui kama nimeona. Ninyi mmeona kila kitu, mmeniona nikijua, mmemwona akidanganya, na kamera haijasogea hata inchi! Hakuna duuum. Hakuna mdomo wazi. Halafu hawezi kushuka, tuko barabarani, na mimi siwezi kumwacha, nataka nauli. Hapo kichekesho kinajipika chenyewe, na abiria akishuka anaingia mwingine na balaa lake. Mimi napenda sana hiki kiti cha nyuma, naapa.

Kichekesho cha zamani cha Citizen, Papa Shirandula, kilikuwa na nguvu hiyo hiyo. Bawabu aliyeficha kwao kwamba ni bawabu. Ukishampa mtu uongo wa namna ile, kila anayebisha geti ni hatari, huhitaji muziki wa kutisha watu. Charles Bukeko, aliyemwigiza huyo Papa, alipofariki Julai 2020 nilihisi tumepoteza jirani. Jamani, waandishi wetu wa tamthilia, chukueni hapo!

Halafu bei, maana najua mtaniuliza. Citizen ukishakuwa na king'amuzi unatazama bure, na hilo lina uzito wake. Maisha Magic East ni ya kulipia, iko DStv na GOtv, na mwezi ukikosa kulipa umekatwa. Lakini Njoro hata ukikosa wiki, unarudi unamkuta na abiria mpya, hujapoteza kitu. Kwa hiyo ukiniuliza pesa yangu iende wapi, mimi nalipia kichekesho, tamthilia naitazama ya bure. Ingawa... Sultana ningelipia. Ile ya mwanzo mwanzo, kabla hawajaanza kuivuta.

Asante dada, shuka, nauli utalipa baadaye.

Habari ya chaneli: Jumapili jioni tutakuwa hewani moja kwa moja, tutachambua wahusika wabaya tu, wale wa kuchukiwa. Mimi nimeshamchagua Dida, na simwachi. Niandikieni wenu hapo chini, pamoja na tukio moja lililowafanya mzime televisheni kwa hasira, nitayasoma yote.